Uzi wa Kichwa cha Issa

Bi Somoe, mama wa mume wangu, alifariki mwaka juzi akiwa mzee wa kushikwa mkono hadi msalani, na siku ya kumwosha mimi ndiye niliyekaa upande wa kichwa. Wachimba kaburi walituma mtu mlangoni aombe kipimo cha maiti, wapate kujua mwanandani uwe na urefu gani. Binti mmoja wa jirani akakata uzi mrefu wa kushonea, akaanza kuunyoosha kutoka utosini. Nikamnyang'anya. Nikamwambia huyu hapimwi kwa uzi, tafuteni ufito, na kama hakuna ufito ng'oeni hata kwenye ua wa watu. Wanawake wakatazamana, wakaona bibi wa watu kachanganyikiwa kwa msiba. Sikuwaeleza. Maiti alikuwa bado mbele yetu, na jambo lenyewe alinieleza mimi peke yangu, tena mara moja tu, tukiwa bado na nguvu zetu sote wawili. Sasa yeye kapumzika, mume wangu Mfaume alimtangulia, na aliyebaki ni mimi na mwanangu Issa, ambaye leo ana mvi kichwani. Issa ameniambia, mama, sema tu. Basi nasema.

Nilikotoka na namna nilivyoposwa havina kazi hapa. Itoshe kwamba nililetwa Mtwara kuolewa kabla sijafika miaka ishirini, nikitokea bara upande wa Masasi, na Kiswahili changu kilikuwa na Kimakua ndani yake hata watoto wa Ufukoni, mtaa wetu, wakanicheka kisimani. Mwaka ninaousema, Mreno alikuwa bado ng'ambo ya Ruvuma na vita vya Msumbiji vilikuwa havijaisha. Ndege ikipita juu tulinyamaza wote, hata kuku walionekana kunyamaza, tukasubiri kusikia kama inaendelea au inarudi. Watu walisimulia mabomu yaliyotegwa njiani, na majeruhi waliovushwa usiku. Mimi nilikuwa mwoga tangu utoto, siwezi kujisifu. Lakini hofu ya ndege ni hofu ya watu wote, mnagawana. Hofu niliyokuja kuipata mwaka ule ilikuwa yangu mwenyewe, na nililala nayo kitanda kimoja.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, na baraza ya ndani ilikuwa ya Bi Somoe, kwa sababu hapo ndipo alipokaa kushona kofia. Alishona kofia za mkono, zile za nakshi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ambazo mwanamume anavaa Ijumaa na watu wanamuuliza kashonewa na nani. Mtu akiagiza kofia, Bi Somoe hamwulizi namba. Anamzungusha uzi juu ya masikio, anaukata pale ncha zinapokutana, anautia fundo la kumtambulisha mwenyewe, anautundika msumarini. Ukutani palining'inia nyuzi za vichwa vya nusu ya mtaa. Alijua imamu ana kichwa kidogo kuliko cha mwanawe. Alijua kwamba mwenye duka la vitambaa, pamoja na majivuno yake yote, anaingia kofia ya kijana wa madrasa, na alipopita barazani na kikohozi chake cha kitajiri tuliinamisha nyuso tusije tukacheka. Mchana, tukimenya muhogo, wanawake walikuja kukaa hapo na mazungumzo yakawa ya vichwa tu: fulani ana kisogo, fulani paji la uso limemshukia, mtoto wa fulani kichwa kimechongoka kama embe. Nilipomzaa Issa, mmoja wao alimtazama akasema huyu kofia yake itashonwa kwa kipimo cha pishi. Nilicheka nao. Nilikuwa sijui bado kwamba kuna vicheko vinavyorudi kukudai.

Issa alipokaribia miezi mitatu nilimpeleka kliniki, hospitali ya serikali. Nesi alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa Upare, mpole wa sauti, na alikuwa na futi ya kitambaa kama ya mafundi cherehani. Alimzungusha Issa kichwani, akatazama, akaizungusha tena. Kisha akamwita mwenziwe, wakasema Kiingereza. Sijui kama kuna jambo linalomtisha mama kuliko watu wawili wenye gauni jeupe kusema Kiingereza juu ya kichwa cha mwanawe. Akanigeukia akaniambia kichwa cha mtoto ni kikubwa kupita umri wake. Huenda si kitu, alisema, huenda ni maji. Nirudi baada ya mwezi. Ila kama kabla ya hapo kitaongezeka kwa upana wa vidole viwili, nisingoje, nije mbio, apelekwe Dar es Salaam wakampasue watoe maji. Alisema kwa upole ule ule, kama mtu anayekuelekeza duka la chumvi.

Bi Somoe alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona. Kisha akaweka sindano chini, jambo ambalo hakulifanya hata ndege zikipita. Alichukua kibunda kipya cha uzi wa pamba, ule mnene wa kufumia nyavu, maana uzi wa kofia alisema ni mwembamba, utakatika kwa kupimia mara kwa mara. Akamzungusha Issa, akakata pale ncha zilipokutana. Siku ile ile akaanza kumshonea kofia ndogo ya Idi, akiipima kwa uzi ule ule na kumwachia kidole kimoja cha kukulia. Niliona anaishona kwa haraka, karibu kwa hasira, kana kwamba mtoto aliyekwisha kushonewa kofia ya Idi hana budi kuifikia Idi. Ilipokwisha aliifunga kwenye kitambaa pamoja na karafuu, akaitia sandukuni, na uzi akautundika peke yake kwenye msumari wa juu kabisa.

Alhamisi ile sheikh wa mtaa alituandikia kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, tukazisuuza kwa maji ya waridi. Kwa desturi angepakwa mtoto kichwani. Lakini Issa alikuwa na mafua, na Bi Somoe alikataa maji ya baridi yasiguse utosi wake ambao bado ulikuwa unacheza. Utosi wa mtoto ni mlango ulio wazi, alisema, huingizi baridi humo. Alifikiri kidogo, akashusha ule uzi msumarini akauchovya wote kwenye sahani. Kipimo cha kichwa chake kimo humu, alisema, ukitibiwa huu katibiwa mwenyewe. Mimi nikasema amina, na niliisema kwa moyo wangu wote. Uzi ukatoka wa manjano, ukaanikwa ukakauka. Ijumaa asubuhi, kabla Mfaume hajaenda msikitini, tukampima. Ncha hazikukutana. Palikuwa na nafasi ya kuingia nusu ya kidole changu cha mwisho.

Mfaume alisema watoto hukua. Alikuwa kuli bandarini, na msimu ule wa korosho alirudi kila siku na vumbi la magunia kwenye kope, hana nguvu za kubishana na uzi. Alhamisi iliyofuata Bi Somoe aliuchovya tena, akauacha ndani ya sahani mpaka usiku wa manane. Ijumaa nafasi ilikuwa kidole kizima. Kadiri nafasi ilivyoongezeka ndivyo tulivyozidisha kombe, na kadiri tulivyozidisha kombe ndivyo nafasi ilivyoongezeka. Leo naweza kuliandika hilo kwa mstari mmoja, mtu akasoma akatikisa kichwa. Wakati ule sisi tulikuwa ndani yake. Kila mwanamke wa nyumba ile alijua marekani, kitambaa cha pamba, hurudi na kufupika ikifuliwa, hatukununua hata doti ya kaniki bila kukisia itakavyorudi, na hakuna hata mmoja aliyeutazama uzi ule kwa jicho hilo. Tulikuwa tunatazama kichwa.

Nikaanza kupima kila kitu. Sikupima kwa uzi, nilipima kwa macho, na macho yakanikatalia kupumzika. Mbuzi wa jirani alizaa, nikakaa nikilinganisha kichwa cha mwanambuzi na kiwiliwili chake, nikajiambia mbona na huyu kichwa kikubwa, mbona anaruka. Paka aliyelala jikoni nilimtazama masikio yake yalivyokaa. Nikikuna nazi, nazi ilikuwa kichwa. Sokoni nilinunua samaki changu, nikamgeuza geuza kuona kichwa kimechukua sehemu gani ya mwili mpaka mwenye samaki akaniuliza nataka kumla au kumposa. Usiku nilimlaza Issa ubavuni na nikamfunika kichwa kwa kiganja, nikisikia utosi unavyopiga, na nikajaribu kukumbuka kama jana kiganja kilifunika zaidi. Akitapika maziwa nilisema ni maji yanapanda. Akilala sana nilisema kichwa kimemlemea. Akinitazama na yale macho yake makubwa nilisema yameanza kushuka, kama walivyosema watu yanavyoshuka. Nilimfunga kanga kichwani nikitoka, na watu wakajua kwa sababu ya kanga. Kisimani walinipisha mbele ya foleni, kwa heshima ambayo humpi mtu ila mwenye msiba. Hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa.

Ijumaa nafasi ilipofika vidole viwili, tena vya Bi Somoe, vilivyokuwa vinene kwa miaka ya sindano, nililia kwa sauti. Nilisema twende hospitali. Nilikuwa nimekwisha kusimama na mtoto mgongoni. Bi Somoe akaniambia keti. Jioni ile niliwasikia yeye na Mfaume wakinong'ona nyuma ya ukuta, sahani ya ugali wa muhogo na kisamvu ikiwa katikati yao haijaguswa. Alimwambia mtoto akipelekwa Dar es Salaam atapasuliwa kichwa na watu tusiowajua, na huyu mkeo hajui hata kushuka melini, nani atamrudisha? Alimwambia ng'ambo ya Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, yuko mganga anayechoma utosi kwa msumari wa moto. Maji hukauka, mlango hufungwa. Nikangoja Mfaume aseme hapana, niliingoja hapana ile kwa masikio na tumbo. Akasema, mama ndiye ajuaye. Nilimchukia usiku mzima, na asubuhi aliponipa nauli ya lori hakunitazama usoni, nikajua na yeye anaogopa, nikashindwa kuendelea kumchukia.

Mganga alikuwa ametuma maneno tuje na kitu kipya cha kichwani, ambacho mtoto hajapata kukitolea jasho, cha kufunikia dawa baada ya kuchomwa. Bi Somoe akaitoa ile kofia ya Idi sandukuni, haijafunguliwa kitambaa chake, akaitia kwenye kikapu pamoja na uzi. Tulipanda lori lililokuwa likienda kuchukua magunia vijijini, mimi na yeye na mtoto, juu ya maturubai yanayonuka mafuta ya korosho. Njiani tulisimamishwa na askari, maana huko ndiko mpakani, kila kifurushi kilifunguliwa. Askari mmoja, kijana mdogo tu, aliniamuru nifungue kanga aone nimebeba nini. Nilifungua. Alimtazama Issa, akacheka vizuri, kicheko cha mtu aliyeacha watoto nyumbani, akasema kichwa hiki cha mkuu wa majeshi. Nikaangua kilio pale pale barabarani. Yule kijana akababaika, akatufungia mizigo yetu kwa mikono yake mwenyewe. Kutoka hapo tulitembea. Mikoko ilianza, matope yakanuka, na kila tulipopumzika nilitamani Bi Somoe achoke aseme turudi. Alikuwa hachoki. Nilisema moyoni, Mungu, ndege ipite. Nisamehewe, niliomba ndege ya Mreno ipite juu yetu, tukimbie, tusifike.

Tulifika. Mganga hakuwa wa kutisha, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa mzee msafi, kikoi chake kimefuliwa, na alitukaribisha kwa maji ya kunywa na mihogo ya kuchoma. Mbele ya kibanda palikuwa na moto mdogo wa makaa, na ndani ya makaa msumari mrefu wa mafundi mashua, kichwa chake kikiwa kimefungwa kwenye mti wa kushikia. Tulikula mihogo ile msumari ukiwa unaiva mbele yetu. Aliuliza kimezidi kiasi gani, Bi Somoe akamwonyesha uzi na vidole vyake. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Akaniambia nikae kwenye jamvi, nimpakate mtoto, nimshike mikono. Bi Somoe atashika kichwa. Alisema ni kugusa tu, kufumba na kufumbua, na kwamba watoto wengine hata hawalii. Nilimshika mwanangu mikono. Viganja vyake vilikuwa na jasho na alikuwa anajaribu kula kidole changu.

Kisha mganga akasema kwanza avae ile kofia aifukize ubani, ndipo aivue, achomwe, avishwe tena. Bi Somoe akaitoa kwenye kitambaa, karafuu zikadondoka jamvini, akanipa mimi nimvishe. Nikamvisha. Nilitegemea itagota juu ya masikio, nilitegemea nitalazimika kuilazimisha na nilikuwa tayari kulia. Ikashuka. Ikashuka mpaka ilipotakiwa kukaa, ikakaa. Mganga alikuwa ameanza kufukiza. Nikapitisha kidole changu kati ya kofia na paji la uso la Issa, kidole kikapita, kwa taabu kidogo, lakini kikapita. Nikakaa nikikitazama kidole changu. Sikufikiri neno lolote la akili. Nilijua tu kwamba kitu kimoja kati ya viwili kinasema uongo, na kwamba msumari umekwisha kuwa mwekundu.

"Mama," nikasema. "Kofia imeingia."

Bi Somoe alikuwa amekishika kichwa kwa nyuma. Nilimwona anaitambua kofia kwa vidole kabla hajaitambua kwa macho. Mganga akasema maji haya hucheza, mara hupanda mara hushuka, siku yanaposhuka ndiyo nzuri ya kuchoma. Alinyoosha mkono kwenye moto. Mimi nilikuwa msichana wa bara niliyeolewa juzi, kukataa mbele ya wakubwa sikufundishwa. Nilichoweza ni kumlalia mtoto kifudifudi. Nikamfunika mwili mzima, kifua changu juu ya kichwa chake, na nikangoja nichomwe mimi. Nikasikia Bi Somoe anamwambia mganga angoje. Akaivua kofia chini ya kifua changu, akachukua uzi kikapuni, akauzungusha kwenye mkunjo wa kofia. Kofia ile aliishona kwa kipimo cha uzi ule. Mkono wake ndio uliokata. Uzi haukufika, ukaacha nafasi ya vidole vitatu.

Mganga aliurudisha msumari kwenye makaa. Mimi nilidhani Bi Somoe amekasirika. Aliuvuta uzi kati ya vidole, akauinua kwenye mwanga, manjano ya zafarani juu yake imekuwa ngumu kama ganda.

"Uzi umerudi," akasema. "Leo hatuchomi. Inuka, Mama Issa."

Mzee wa watu hakubishana. Aliutoa msumari akautia kwenye chungu cha maji, nikasikia unavyolia, na mlio ule naukumbuka hata leo nikisikia mafuta yanaruka jikoni. Tulilala kwa watu kijijini, tukapata lori kesho yake. Njia nzima mimi nilinena kwa wawili, maana hofu ilikuwa haijatoka, ilikuwa imegeuka upande tu. Nilisema vipi kama kofia ndiyo iliyotanuka, vipi kama mganga ni mkweli kwamba hushuka na kupanda. Bi Somoe alimbeba Issa yeye, hakunipa hata kunyonyesha mpaka alipolia, na askari walipotusimamisha alimkumbatia hata wakamwambia, bibi, hatumchukui.

Hatukupitia nyumbani. Tulishuka lorini na vumbi letu tukaenda moja kwa moja kliniki. Nesi yule wa Upare akanyoosha futi yake, akamzungusha, akatazama, akaizungusha tena, na safari hii hakumwita mtu. Alisema kimeongezeka kidogo tu, kama kinavyotakiwa kuongezeka. Akamtazama macho, akamgusa utosi kwa ncha za vidole, akamchekesha, Issa akacheka. Akauliza baba yake je, ana kichwa gani? Nikamwambia kofia za Mfaume hushonwa peke yake, hakuna anayeweza kuziazima. Nesi akacheka, akasema basi mama, huyu hana maji, huyu ana ukoo. Nikamshika mikono, nikambusu mikono, nesi wa watu akaona haya. Nilitoka nje nikiwa mwepesi mpaka nikaogopa wepesi wenyewe. Jua lilikuwa kali, wanawake walikuwa wamepanga foleni na watoto wao, na mimi nilitaka kumwambia kila mmoja kwamba wangu hana kitu.

Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya hospitali. Nikamwambia, mama, twende tukamwambie baba yake bandarini. Hakuinuka. Nikadhani ni uchovu wa njia, nikakaa kando yake nikimpepea kwa ncha ya kanga. Alikuwa bado na ule uzi mkononi, anauzungusha kwenye kidole, anauzongoa, anauzungusha. Akaniuliza kama nina hakika nesi amesema hana kitu, hakuwa na kitu tangu mwanzo. Nikasema ndiyo, tangu mwanzo. Akaniuliza tena.

Akasema kabla ya Mfaume alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kike, na hata Mfaume mwenyewe hajui. Akasema naye alizaliwa na kichwa kikubwa, watu wakasema. Alimpima kwa uzi wa nyavu. Nikamwuliza, na kombe je? Akasema kila Alhamisi. Yule mzee wa Ruvuma wakati huo alikuwa kijana, msumari ulikuwa wa baba yake. Mtoto alikaa siku chache baada ya kuchomwa, akafa, na miaka yote hii Bi Somoe alikuwa akijilaumu kwamba alimchelewesha, kwamba angempeleka mapema angepona. Ndiyo maana kwa Issa hakutaka kungoja.

Niliweka mkono juu ya goti lake. Issa alikuwa kati yetu na kofia yake kichwani. Bi Somoe akaigusa nakshi kwa kidole, pole pole, kwa namna anavyokagua kazi aliyokwisha kuimaliza.

"Yule alikuwa wa kike, Mama Issa," akasema. "Wa kike hashonewi kofia."